Mdogo wangu wa Igoma, kabla hujalipia fomu ya usaili

Ujumbe uliingia saa tano usiku, mwezi mpevu, nami nimekaa bure kwa sababu mwezi ukiwa hivyo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani hapa Mwanza. "Shikamoo dada. Hongera, nimesikia binti yako kapata A masomo yote sita darasa la saba. Wangu ana miaka sita, nataka nimpeleke shule ya kutwa, zile za kuchuja watoto. Wanaoomba ni wengi, wanachukua arobaini tu. Je, inalipa?"

Inalipa! Mdogo wangu, mimi ndiye niliyelipa. Miaka saba. Wako kwa sera mpya ya elimu ataishia la sita, kwa hiyo umeshaokoa mwaka mmoja kabla hujaanza.

Nianze na jambo ambalo wanaonipongeza hawalijui. Mwanangu alikataliwa. Shule ya kwanza niliyompeleka sitaitaja. Fomu ya usaili ilikuwa elfu thelathini, hairudishwi. Tulikaa kwenye benchi na wazazi walioshuka kwenye magari yao, mwanangu kavaa gauni la Krismasi na viatu vipya vinavyombana vidole. Alipoingia ndani mlango uliachwa wazi kidogo, nikawa nasikia. Mwalimu alimwonyesha picha akamuuliza kwa Kiingereza ni mnyama gani. Mwanangu akajibu, "Mbuzi." Akaulizwa tena kwa Kiingereza. Akajibu, "MBUZI!" kwa sauti kubwa zaidi, maana alidhani mwalimu hasikii vizuri.

Jumatatu jina halikuwepo ubaoni. Mama mmoja ambaye wake alipita akanigeukia akasema, "Si umpeleke tu ya serikali, siku hizi hakuna ada." Ni kweli shule za msingi za serikali hazina ada, na binamu zake wamesoma huko na wana akili zao. Lakini namna alivyolisema! Nilipanda daladala ya Buhongwa nikatazama nje ya dirisha mpaka Mkuyuni ili mtoto asinione. Mama yule hunijia mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, kununua dagaa hadi leo. Simpunguzii hata shilingi mia.

Mwaka ule sikulala. Nilimtafuta kijana aliyekuwa anasubiri kwenda chuo, nikamlipa awe anakaa na mtoto tunapochambua dagaa, wanazungumza Kiingereza tu. Dagaa, gunia, mzani, jua, mvua, kila kitu kilikuwa somo. Mwaka uliofuata nikampeleka shule nyingine ya mchujo, akapita. Darasa la kwanza mpaka la tatu sina cha kusimulia, alikua na kung'oka meno kama watoto wote.

Sasa utapata nini? Darasani walikuwa thelathini na tano. Kwa binamu yake wamepita mia. Tofauti hiyo utaiona kwenye daftari: kila zoezi limesahihishwa, na kosa limeandikiwa kwa nini ni kosa. Kila Ijumaa alirudi na kitabu cha maktaba. Kompyuta aliigusa kabla yangu. Na kuna bwawa! Mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ziwani kafundishwa kuogelea kwenye maji ya dawa, baba yake akacheka wiki nzima.

Lakini kikubwa kwangu ni hilo neno kutwa. Mtoto anarudi nyumbani. Baba yake alitaka bweni, tukagombana kweli, nikakataa. Mwaka 2023 serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, majirani walionicheka walikuja mmoja mmoja kuniuliza gari la shule linapita wapi. Sikusema kitu. Nilitabasamu tu. Wangu alikuwa la tano tayari, na jioni ndiye aliyekuwa ananijumlishia hesabu za magunia. Siku moja aligundua mteja kanizidi ujanja kwenye gunia nne. Mtoto wa bweni angeligundua wapi?

Kutwa hiyo hiyo ina adha yake. Gari lilipita Buhongwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kisha Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, mjini, ndipo likaelekea Pasiansi. Nilimwamsha saa kumi. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo akalala, na nilipomfuata shuleni siku ya wazazi nilikuta alama ya mpira wa dirisha bado imechorwa kwenye ngozi yake. Hilo huwezi kulikuta kwenye kipeperushi chao.

Na pesa. Ada inalipwa kwa awamu nne, nayo haitazami mwezi wala mvua. Sweta lazima ununue kwao, lina nembo. Halafu gari, halafu mahafali ya watoto ambao huwajui. Awamu moja ya Julai nilichelewa, jina la mwanangu likasomwa getini mbele ya wenzake, akarudishwa nyumbani na barua. Nilikopa kikoba siku hiyo hiyo. Nimeshasamehe, ila sijasahau.

Tena jua kwamba mchujo hauishii kwenye usaili. Kuna wastani. Mtoto akishuka chini yake unaitwa ofisini, unaambiwa kwa upole arudie darasa au umtafutie "mazingira mengine", ingawa serikali imeshakataza mambo hayo. Wanalinda jina. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, lakini bango la getini halijashuka.

Kuna na hili la lugha. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Bibi yake akaja kutoka Magu, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mtoto akamjibu kwa Kiingereza. Mama mkwe alinitazama mimi, hakumtazama mtoto. Na mtihani wa majaribio ulipokuja, somo lililomwangusha lilikuwa Kiswahili! Ikabidi kila jioni anisomee gazeti kwa sauti nikiwa napika.

Ndiyo maana nasema fungua diari ya shule kila usiku. Wazazi wengi tunalipa tukadhani tumemaliza. Fungua diari, soma alichoandika mwalimu, weka sahihi baada ya kusoma. Umechoka? Sote tumechoka. Mimi nilifungua diari mikono ikinuka dagaa, na kurasa zake zinanuka mpaka leo. A hizo sita mnazonipongezea, shule ilitoa mwalimu na darasa lenye nafasi. Yaliyobaki yalipatikana mezani kwangu, kwenye mwanga wa simu umeme ukikatika. Kama jioni hupo nyumbani na hakuna mwingine wa kukaa na mtoto, pesa yako itaishia kwenye sweta. Nasema tena, diari.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujalipia fomu usimuulize mkuu wa shule. Muulize dereva gari linafika Igoma saa ngapi. Muulize mhasibu ukichelewa awamu moja wanafanyaje, umwangalie usoni anapojibu. Piga hesabu ya mwaka mzima, siyo ya Januari. Mtoto mfundishe mbuzi anaitwaje kwa Kiingereza.

Na kama ni shule ile ile aliyosoma wangu, usinunue sweta. La darasa la kwanza bado ninalo, kiwiko kimeshonwa lakini nembo ni nzima. Njoo mwaloni mwezi ukishapungua, utanikuta.