Maswali na Majibu: Mboga za Porini na Muziki wa Marafiki

Barua zilizochaguliwa kwa safu hii zinatoka kwa wasomaji wanaotoka na marafiki kwenda porini, wakachuma kinacholiwa, wakapika hukohuko, kisha wakapiga muziki kwa ala walizojitengenezea. Baadhi ya maswali yanahitaji maelezo marefu kwa sababu kosa lake linaweza kugharimu uhai. Mengine yamejibiwa kwa ufupi.

SWALI: Sisi ni kundi la marafiki tunaopenda kutembea porini siku za mapumziko. Tungependa kuchuma mboga zinazojiotea, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyelelewa na watu wanaoijua mimea hiyo. Tumepakua programu ya simu inayotambua mmea kwa picha. Je, inatosha? Kama haitoshi, tuanzie wapi?
*Msomaji anayependa matembezi*

JIBU: Ndugu msomaji, programu hiyo inafaa kukupatia jina la kuanzia uchunguzi, lakini haifai kuachiwa uamuzi wa kitu kinachoingia kinywani. Picha haina harufu, haionyeshi utomvu unaotoka shina linapovunjwa, na mara nyingi hupigwa mmea ukiwa mchanga, kabla haujatoa ua wala tunda, ilhali hizo ndizo alama zinazotenganisha mimea inayofanana. Ushauri wangu ni kwamba msikimbilie kujua mimea mingi. Chagueni mitatu tu iliyo tele mnakotembea, muijue kiasi cha kuitambua ikiwa michanga, ikiwa imechanua na hata ikiwa imeanza kukauka, kisha mtafuteni mtu aliyezoea kuichuma, awathibitishie mmea ukiwa mkononi. Kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kutumika kwa mimea miwili tofauti, andikeni pia jina la kisayansi.

Tako la hasani ni mwanzo mzuri. Wanasayansi huliita Portulaca oleracea, na huota katika sehemu nyingi za dunia zenye joto, mashambani na hata kwenye nyufa za njia. Hutambaa chini, mashina yake ni laini, manene na mara nyingi mekundu, majani ni manono, mapana kwenye ncha na membamba kwenye kikonyo, na maua yake ni madogo ya manjano. Karibu nalo huweza kuota mimea midogo ya jamii ya Euphorbia inayotambaa vivyo hivyo na yenye rangi inayokaribiana, nayo ina sumu. Namna ya kuitofautisha ni rahisi, na kila mmoja kundini anapaswa kuifanya kwa mkono wake mwenyewe: vunja shina, likamue kidogo, ulitazame. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, tupa, na unawe mikono kabla hujagusa macho, kwa maana utomvu huo huchoma na unaweza kudhuru jicho vibaya. Tako la hasani hutoa maji maangavu tu, na jani lake ukilibonyeza utahisi unene ambao jani bapa la Euphorbia halina.

Ladha yake ni ya uchachu mwepesi unaopendeza, na hapo pana jambo la kufurahisha kwa wanaopenda kuchunguza. Wakati wa ukame mmea huu hufyonza hewa ya kaboni usiku na kuihifadhi majanini ikiwa tindikali, kisha huitumia mchana jua linapowaka. Kwa sababu hiyo majani yaliyochumwa alfajiri huwa makali zaidi ulimini kuliko yaliyochumwa jioni. Chumeni nyakati zote mbili, muonje kwa zamu; ni somo la botania ambalo hakuna atakayelisahau.

Mmea wa pili uwe mchicha pori. Huu upikwe, na maji ya kuchemshia yamwagwe, kwa kuwa una oksaleti nyingi, yaani chumvi zinazochangia mawe kwenye figo, ambazo tako la hasani pia linazo. Mwenye historia ya mawe kwenye figo na amuulize daktari wake kwanza. Msiuchume pembezoni mwa mashamba yaliyowekwa mbolea nyingi, kwa sababu hujikusanyia majanini naitreti, chumvi ya mbolea isiyofaa kuliwa kwa wingi. Wa tatu unaweza kuwa mnavu, ambao majani yake machanga huchemshwa vizuri kabla ya kuliwa, lakini matunda yake mabichi ya kijani yana sumu iitwayo solanini na hayaliwi kabisa. Mnapochuma majani ya aina hii, tazameni lisiingie hata jani moja la mranaha, mmea wenye sumu. Huo una majani mapana yenye meno makubwa na harufu mbaya yakifikichwa, maua marefu yenye umbo la tarumbeta, na matunda ya miiba. Mchumaji mwenye haraka hukamata konzi nzima ya majani kwa mpigo mmoja, na hivyo ndivyo jani geni linavyoingia kapuni. Chumeni shina moja baada ya jingine.

Uyoga uacheni kabisa, hata kama mmoja wenu anadai kuujua. Si mmea, na elimu yake ni nyingine.

SWALI: Rafiki yangu anashikilia kwamba kinacholiwa na ndege au mbuzi hakiwezi kumdhuru binadamu, na kwamba ukionja kidogo na kusubiri utajua kama kuna sumu. Hubishana nami kila tunapotoka. Nani ana haki?
*Msomaji asiyeshawishika*

JIBU: Haki ni yako, na ninakusihi usilegeze msimamo kwa ajili ya kulinda urafiki. Wanyama hawana miili yetu. Atropa belladonna, mmea wa Ulaya unaojulikana kwa sumu yake, matunda yake huliwa na ndege wanaosambaza mbegu, na wapo sungura wanaokula majani yake bila kudhurika kwa sababu miili yao ina kimeng'enya kinachovunjavunja atropini, sumu ya mmea huo. Matunda machache tu ya mmea huohuo yanaweza kumuua mtoto.

Kuhusu kuonja na kusubiri, zingatia uyoga uitwao Amanita phalloides. Waliokula na kunusurika wamesema kwamba una ladha nzuri. Dalili hazianzi hadi saa 6 au 12 zipite, wakati mwingine zaidi. Mgonjwa hutapika na kuharisha, kisha huonekana kupata nafuu, na katika kipindi hichohicho cha nafuu ini lake linaendelea kuharibika. Kuupika hakuondoi sumu hiyo, wala kuukausha. Mtu anayeonja asubuhi na kujiona mzima adhuhuri anaweza kumpikia kila mwenzake chakula cha mchana chenye mauti. Mmea usiojulikana hauonjwi, basi.

SWALI: Je, mboga za porini zinaweza kuchumwa popote zinapoota?
*Msomaji mgeni katika mambo haya*

JIBU: La. Epukeni kando ya barabara zenye magari mengi, karibu na reli, mifereji ya maji machafu, majalala na mashamba yanayopulizwa dawa. Mboga zinazoota majini katika malisho ya kondoo na ng'ombe zisiliwe mbichi, kwa kuwa zinaweza kubeba vimelea vya Fasciola hepatica vinavyoshambulia ini, zipikwe. Ombeni ruhusa ya mwenye ardhi, na katika hifadhi fuateni sheria yake. Kateni ncha za matawi badala ya kung'oa mizizi, na palipo na mimea michache piteni bila kugusa kitu.

SWALI: Ikitokea mmoja wetu akajisikia vibaya baada ya kula, tufanye nini tukiwa mbali na mji?
*Msomaji mwenye wasiwasi*

JIBU: Mpelekeni hospitali mara moja, au mpige simu ya dharura, bila kusubiri hali izidi. Msimlazimishe kutapika, na msimpe maziwa wala dawa ya kienyeji kwa kubahatisha. Chukueni mabaki ya chakula na kipande cha mmea uliochumwa, ikiwezekana chenye ua au tunda, muandike saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Daktari atavihitaji vyote hivyo. Kinywa kikavu, mboni za macho zilizopanuka, mapigo ya moyo ya kasi na maneno yasiyoeleweka ni dalili za sumu kama ya mranaha. Waliokula chungu kimoja waende wote, hata wanaojisikia wazima. Ndiyo sababu nashauri kila safari mbakishe mkono mmoja wa mboga usiopikwa ndani ya mfuko wa karatasi hadi kesho yake.

SWALI: Baada ya kula tungependa kupiga muziki, lakini hatutaki kununua ala. Tunaweza kutengeneza nini kwa vitu vilivyopo, na vitoe sauti zinazopatana?
*Msomaji mwenye mikono ya useremala*

JIBU: Swali hili limenifurahisha, kwa kuwa watu wengi hutengeneza ala zinazopendeza macho, kisha wakashangaa kwamba haziimbi pamoja. Siri imo katika urefu.

Anza na ala ya uzi mmoja. Chukua ubao, upigilie juu ya sanduku jepesi la mbao, funga uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kutoka mwisho hadi mwisho, na uweke vidaraja viwili chini ya uzi kwa umbali wa sentimita 60. Kaza uzi hadi utoe sauti ambayo waimbaji wenu wanaiweza bila kujikamua. Hiyo iwe do. Sasa chora alama, ukipima kutoka kidaraja kilicho upande unaopiga: ukibana uzi kwenye sentimita 53.3 utapata re, 48 mi, 40 so, 36 la, na 30, yaani katikati kabisa, utapata do ya juu. Nimeruka fa na ti kwa makusudi. Sauti hizo tano, do, re, mi, so na la, haziparuzani hata zikipigwa ovyo, kwa hiyo anayejifunza anaweza kutangatanga juu yake bila kuuharibu wimbo.

Mianzi hufuata nisbati hizohizo. Kata pingili ukiacha fundo liwe kizibo cha chini, upulize ukingo wa juu. Pingili yenye kina cha sentimita 16 hivi hutoa do, na nyingine tano ziwe na kina cha takriban 14.2, 12.8, 10.7, 9.6 na 8. Kata kila moja ikiwa ndefu kidogo, kisha punguza kwa tupa huku ukisikiliza. Ukikata kupita kiasi haiongezeki, lakini ikiwa sauti ni nzito mno unaweza kudondosha nta ndani hadi ipande. Mkimaliza mianzi, linganisheni ala ya uzi na mianzi hiyo, kwa kuwa uzi hulegezwa na kukazwa, mwanzi hausikii.

Chupa nazo zina tabia ambayo huwachanganya wengi. Ukipuliza mdomo wa chupa, kuongeza maji huifanya sauti iwe nyembamba, kwa sababu hewa inayotikisika imepungua. Chupa hiyohiyo ukiigonga kwa kijiti, kuongeza maji huifanya sauti iwe nzito, kwa sababu sasa kinachotikisika ni kioo, na maji yanakielemea. Amueni mapema kama ni chupa za kupuliza au za kugonga.

Nina onyo moja linalounganisha muziki na mimea. Msitengeneze filimbi kwa shina lolote lenye uwazi mnalolikuta porini. Conium maculatum, mmea unaotajwa kuwa ndio uliomuua Sokrati, mwanafalsafa wa Ugiriki, mwaka 399 kabla ya Kristo, una mashina yenye uwazi yanayovutia kwa filimbi, na watoto wamedhurika kwa kuyapuliza. Vilevile mbegu nyekundu za mtipitipi zenye doa jeusi hutiwa kwenye manyanga kwa sababu ya uzuri wake, lakini zina sumu iitwayo abrini, na mbegu iliyotobolewa au kutafunwa ni hatari kwa maisha. Manyanga yenu yatieni mchele au maharage makavu ndani ya kopo, msijaze zaidi ya robo, la sivyo mbegu hazitapata nafasi ya kurukaruka na mlio utafifia.

SWALI: Kundini mwetu wawili wanapiga gitaa vizuri sana, na muziki ukianza wengine hugeuka watazamaji. Tufanyeje ili wote washiriki?
*Msomaji anayetazama tu*

JIBU: Hili linaniuma, kwa kuwa nimeona makundi yakipoteza watu wazuri kwa njia hii bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Waombeni wapiga gitaa waweke magitaa chini kwa nusu saa ya kwanza. Anzeni na mapigo manne ya makofi, polepole, kila mtu akiyashika kabla ya kitu kingine kuongezwa. Kisha manyanga yaingie, kisha chupa, kila chupa na mtu wake, kila mtu na zamu yake ya kupuliza, kama ambavyo kila mmoja angekuwa na neno moja la sentensi. Mwenye chupa moja hawezi kujificha wala kutawala, kwani wimbo unamsubiri.

Nyimbo za kuitikiana zinafaa kuliko nyingine zote. Mmoja atoe mstari mfupi, hata kama ni kutaja kilichochumwa siku ile na nani alikaribia kukosea, na wote waitikie maneno yaleyale kila mara, katika sauti mbili au tatu tu. Uongozi uzunguke, kila mtu mistari miwili, na asiyetaka kuongoza ampokeze mwenzake bila kuulizwa sababu. Magitaa yakirudi, yawafuate waimbaji kwa sauti ya chini, na wapigaji wake waombwe kupiga kile kiitikio ambacho tayari kila mmoja anakijua.

Zingatieni pia mahali. Ndege wanaotaga karibu wanaweza kuacha viota wakisumbuliwa kwa muda mrefu, na wapo watu wengine waliokuja kutafuta utulivu. Kaeni mbali na viota na njia kuu, msitumie vipaza sauti, na giza likiingia ngoma zinyamaze, zibaki sauti za watu na ule uzi mmoja.