Kwenu mnaoanza kutembeza wageni Mji Mkongwe

Vijana wangu, msimu umefunguka, na kila nikipita Forodhani nasikia sauti mpya ikiwaambia wageni kwamba Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961. Papasi, mtembeza wageni asiye na kibali, akisema hivyo nitapita zangu. Nyie mmevaa beji.

1. Tarehe. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961. Zanzibar ilipata wake 10 Desemba 1963, Jamshid akiwa Sultani. Mapinduzi ni 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo huo. Zishikeni kwa mpangilio huo.

Msimu uliopita kijana mmoja ninayempenda, mwenye sauti nzuri na bidii, alisimama mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani, na familia kutoka Muscat. Akalisema lile la 1961. Babu yao, mzaliwa wa mtaa wa Malindi, hapo hapo pua na mdomo, akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, mwaka huo sisi tulikuwa huru?" Kijana akacheka akidhani ni utani, akaendelea na Nyerere. Mzee hakubishana naye. Aliwageukia wajukuu akawasimulia uchaguzi wa Juni 1961 na fujo zilizoua watu 68, halafu sherehe za Desemba 1963, halafu milio ya bunduki usiku ule wa Januari. Wajukuu walikuwa wameganda, ni wazi hawakupata kuyasikia kwake. Kijana wetu akatazama saa, akawahimiza wawahi Ngome Kongwe. Mzee akakatisha maneno yake, akafuata.

Ile tarehe kijana aliisoma jioni, akaijua. Alichokuwa anakisema yule mzee hatutakipata tena. Mgeni akiwa na asili ya hapa, wewe nyamaza, hata ratiba ikiharibika. Na Mapinduzi kwa wengine ni fahari, kwa wengine ni msiba wa nyumbani: eleza kilichotokea, usimpangie mtu hisia.

2. Milango. Iliyonyooka juu ni ya mtindo wa Kiarabu, yenye tao ni ya Kihindi. Zile njumu za shaba hapa ni pambo, msiwaambie wageni ni za kuzuia tembo wasivunje mlango. Tembo waacheni huko huko Bara.

3. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Wengi mnamaliza utumwa 1873. Mwaka huo Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alifunga soko na kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Waliokwisha kuwa watumwa walibaki watumwa. Amri ya kuufuta utumwa kisheria ilitoka 1897, tena masuria wakaachwa nje yake hadi 1909. Miaka hiyo 36 ni maisha ya watu, msiiruke kwa sababu kundi lina njaa. Na mkifika kwenye zile sanamu zilizofungwa minyororo shimoni, msiwapange wageni kwa picha za kucheka.