Mipira ya mkono wa gia: ushauri kwa mafundi wanaoanza kazi

Gari linapoletwa gereji kwa malalamiko kwamba gia zinacheza, au kwamba vumbi na joto vinapanda kutoka sakafuni katikati ya viti viwili vya mbele, fundi anayeanza kazi mara nyingi hukimbilia kufikiria kushusha giaboksi. Ninawaomba msikimbilie huko. Kabla ya kumtajia mwenye gari gharama yoyote, fungueni kwanza sehemu ambayo mkono wa gia unapita sakafuni, mkague mipira yake, kwa sababu sehemu kubwa ya malalamiko hayo huanzia hapo na humalizikia hapo, na kazi yenyewe hufanyika bila kuingia chini ya gari.

Ushauri huu nimeupata zaidi katika magari ya kazi, hasa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984 na mpaka leo ndizo zinazobeba watalii, askari, wagonjwa na mizigo katika barabara zetu za vumbi, pamoja na Hilux za zamani. Katika magari hayo mkono wa gia umesimama juu ya giaboksi yenyewe na kuingia ndani yake moja kwa moja. Magari madogo mengi yanayovuta kwa magurudumu ya mbele hayako hivyo: mkono wake umeunganishwa na giaboksi kwa nyaya au vyuma virefu, na nitayagusia baadaye.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba neno "mpira wa gia" linalotumiwa na wateja linafunika vitu zaidi ya kimoja. Juu kabisa kuna mpira mkubwa wenye mikunjo, unaobanwa sakafuni kwa fremu ya chuma na skrubu au bolti. Huu huzuia vumbi, maji, kelele na joto visiingie ndani ya gari. Chini yake kuna mpira mdogo unaoushika mkono wa gia karibu na shingo ya giaboksi, na kazi yake ni kulinda mahali ambapo mkono unazunguka. Ndani zaidi, pale ambapo tufe la mkono limekalia, kuna kiti na bushi, yaani vikombe vidogo vinavyolishika tufe lisicheze, ambavyo kwa kawaida ni vya plastiki ngumu, si mpira. Mkono unaolegea na kuzunguka ovyo kama mwiko ndani ya sufuria umeharibika bushi au kiti. Mkono ambao haujalegea lakini unaleta vumbi umechanika mpira. Mara nyingi sana utakuta vyote viwili vimeharibika, na si kwa bahati mbaya: mpira ukishapasuka, vumbi la barabarani huteremka, huchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo husaga plastiki kila gia inapobadilishwa. Kwa hiyo fundi anayebadilisha bushi na kuuacha mpira uliochanika kwa kuwa mteja hakuulalamikia anaacha chanzo cha uharibifu mahali pake, na bushi mpya itakwenda njia ileile.

Gari likivuka mito wakati wa masika, hatari ni kubwa zaidi. Maji yanayopita kwenye mpira mbovu yanaweza kufika ndani ya giaboksi, na oili iliyochanganyika na maji hubadilika rangi ikawa kama chai ya maziwa. Ukiiona rangi hiyo, kubadilisha mpira peke yake hakutoshi. Oili yote imwagwe na chanzo cha maji kithibitishwe, ukikumbuka kuangalia pia bomba la kupumulia la giaboksi, ambalo nalo huingiza maji likikatika au likichomoka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine yote, nalo ni usafi kabla ya kufungua. Mpira mbovu uliokaa miaka mingi umezungukwa na mchanga, nywele, vipande vya karatasi na tope lililokauka, na vyote hivyo viko sentimita chache tu juu ya tundu la giaboksi. Siku utakapochomoa mkono bila kusafisha, utakuwa umeingiza kwa dakika moja uchafu ambao mpira uliochanika ungeuingiza kwa muda mrefu. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, weka gia huru, na subiri giaboksi ipoe. Fungua kichwa cha mkono wa gia kwa kukizungusha kinyume cha saa. Kikikaza, kifunge kitambaa ndipo ukishike kwa koleo, ili usikiumize. Ondoa kava la plastiki ikiwa lipo, kisha fremu ya mpira wa juu, na uweke bolti zake katika kopo moja. Kumbuka kwamba gari la kazi linalovuta kwa magurudumu yote manne huwa na mkono wa pili wenye mpira wake, na mpira huo umezeeka pamoja na mwenzake, hivyo ukaguliwe siku hiyohiyo.

Ukishautoa mpira wa juu, simama hapo. Nyonya vumbi kwa mashine ikiwa gereji inayo, au tumia brashi na kitambaa chenye unyevu, ukirudia mpaka kitambaa kitoke kisafi. Upepo wa kompresa usiutumie pale shingo inapokuwa wazi hata kidogo, kwa maana upepo hausafishi pembe hiyo, unausukuma uchafu ndani. Petroli nayo isitumike ndani ya gari; mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na huiharibu mipira unayotaka kuiokoa.

Hapo ndipo mkono utolewe. Katika giaboksi nyingi za magari haya kuna kofia inayokandamizwa chini dhidi ya springi kisha kuzungushwa kinyume cha saa ili iachie. Nyingine zimefungwa kwa bolti. Ikandamize kwa mikono miwili huku umeifunika kitambaa, kwa sababu springi ina nguvu na kingo za kofia hukata. Mkono ukitoka tu, ziba tundu kwa kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi, kikubwa kiasi cha kutoweza kutumbukia, na kisiondolewe isipokuwa unapofanya kazi ndani yake.

Kabla ya kufikiria kipuri kipya, chunguza kile cha zamani. Kama bushi imevunjika, panga vipande vyake mezani mpaka bushi nzima ikamilike. Kipande kimoja kikikosekana, mulika ndani kwa tochi na ukitafute kwa kibano chembamba. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa plastiki haivutwi na sumaku. Usifunge giaboksi yenye kipande kisichojulikana kilipo, hata mwenye gari akiwa amesimama mlangoni anakuhimiza. Fursa hiyo itumie pia kuitazama oili kwa tochi: chembe za rangi ya dhahabu ni shaba ya vilinganishi vya gia (pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana) inayosagika, na mteja anastahili kuambiwa mapema kwamba kuna ugonjwa mwingine ambao mpira hautauponya.

Katika ununuzi wa vipuri, jicho peke yake halitoshi. Mipira miwili inaweza kufanana sana juu ya kaunta, kumbe tundu la mmoja ni pana zaidi kwa milimita chache, au urefu wa mikunjo yake unatofautiana. Andika namba ya chesisi, nenda nayo dukani, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road mjini Nairobi, na ubebe mpira wa zamani pia. Ukipewa mpira mpya, ukunje na utazame ndani ya mikunjo: ukiona nyufa nyembamba, mpira huo umezeekea kwenye rafu ingawa haujawahi kutumika. Kukata tyubu ya gurudumu na kuifunga kwa waya ni jambo ninalolielewa kwa gari lililokwama porini linalohitaji kufika mjini, lakini gereji isiliite matengenezo. Tyubu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa butili, ambao huvimba na kulainika ukiguswa na oili ya madini, na hapo giaboksi hurudi kuwa wazi bila mwenye gari kujua.

Suala hilo la aina ya mpira linahusu pia grisi. Mpira wa naitraili, ambao ndio hutumika sana katika sili za oili (pete zinazozuia oili isivuje), huvumilia oili na grisi ya madini vizuri, na hustahimili joto la takribani nyuzi 100 za Selsiasi. Mpira wa asili na ule wa EPDM, aina nyingine ya mpira wa kiwandani, haivumilii oili na grisi hiyo. Kwa kuwa mara nyingi fundi hawezi kujua kwa kutazama mpira wa vumbi umetengenezwa kwa nini, njia salama ni kutumia grisi ya kawaida kwenye tufe na bushi ya plastiki, na kwenye midomo ya mipira kupaka grisi ya silikoni kwa uchache.

Wakati wa kufunga, usisukume mpira kwa ncha ya bisibisi. Mpasuko mdogo usioonekana leo utakuwa mdomo wazi baada ya mwendo wa barabara mbaya. Pasha mpira moto kidogo kwa kuuweka juani au kwenye maji ya uvuguvugu, ukaushe, kisha uuteremshe kwa vidole. Hakikisha mikunjo haijajisokota. Kabla ya kukaza fremu, kanyaga klachi injini ikiwa imezimwa na upitishe gia zote, pamoja na ya kurudi nyuma, ukiangalia kama mpira unavutika kupita kiasi upande wowote. Hili si la urembo: mpira mgumu au uliofungwa kwa kupinda huuvuta mkono wa gia, na gari linaweza kuruka gia likiwa safarini, kisha mtu mwingine akashusha giaboksi nzima akitafuta ugonjwa ambao haupo.

Kwa magari yanayotumia nyaya, bushi zilizochakaa ziko kwenye ncha za nyaya, na sehemu inayovuja ni sili ndogo ya oili pale shafti ya kuchagulia gia inapoingia giaboksi. Kabla ya kuing'oa, hakikisha bomba la kupumulia halijaziba, maana shinikizo la ndani litalazimisha oili ipite kwenye sili mpya pia. Vipimo husomwa kwenye sili yenyewe kwa milimita: ikiandikwa 35-50-8, hicho ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Mdomo wenye springi huelekezwa kwenye oili. Kama oili inahitaji kumwagwa, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukikuta ya kujazia imeng'ang'ania baada ya giaboksi kuwa tupu, gari halitatoka gereji siku hiyo. Fuata daraja la oili lililoandikwa katika kitabu cha gari, na pale kinapotaka GL-4 usiweke GL-5 kwa kudhani kwamba namba kubwa ni bora, kwa kuwa kemikali za baadhi ya oili za GL-5 hudhuru shaba ya vilinganishi.

Gari likishajaribiwa barabarani, mkabidhi mwenyewe mipira na bushi za zamani zikiwa kwenye mfuko, umwonyeshe palipochanika, na umwombe alirudishe baada ya wiki moja hivi ya kazi ya kawaida. Siku hiyo zigusie bolti za fremu kwa spana, kwa kuwa mpira mpya hukaa na kulegeza bolti kidogo, kisha pitisha kitambaa cheupe kuzunguka sakafu ya mkono wa gia. Kikitoka na vumbi jipya jekundu, fungua fremu utafute linapopitia.