Maswali yenu kuhusu kisukari na kongosho

Naanza na swali lisiloweza kusubiri.

Mwanangu wa miaka 9 ameanza tena kukojoa kitandani, anakunywa maji kupita kiasi na amekonda. Jana katapika. Duka la dawa wamenipa dawa ya malaria. Ningoje amalize dozi?

Usingoje, mama. Mpeleke hospitali leo hii, na ukifika sema wazi: "Naomba apimwe sukari." Mtoto aliyekwisha kuacha kikojozi akikirudia, huku ana kiu na anakonda, lazima tufikirie kisukari cha aina ya kwanza. Hapo kinga ya mwili inaua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini mwili hauwezi kutumia sukari, unayeyusha mafuta yake, na damu inajaa asidi. Ndipo mtoto anapotapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno.

Kutapika hutufanya sote tuwaze malaria kwanza, na sisi wauguzi tumo. Apimwe malaria, sawa, ila tone jingine la damu liende kwenye mashine ya sukari. Jibu hutoka chini ya dakika moja. Akikutwa na kisukari, tiba ni dripu na insulini, na mitishamba haina nafasi hapo. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii walikuwa hawaponi. Leo wanakua na kusoma.

Dada nesi, kongosho liko wapi na kazi yake ni nini?

Limelala nyuma ya mfuko wa chakula. Sehemu yake kubwa hutengeneza majimaji ya kusaga chakula, yanayoingia utumbo mdogo. Ndani yake vimetawanyika vishungi vya seli alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869: seli za beta hutoa insulini inayoshusha sukari ya damu, za alfa hutoa glukagoni inayoipandisha. Ndiyo maana pombe ya miaka mingi ikiharibu kongosho, mtu anaweza kupata kisukari na pia kinyesi chenye mafuta.

Nilipima sukari kabla ya chai, mashine ikasoma 7.4 mmol/L. Sina dalili yoyote. Nimeshaugua?

Kwa mtu aliyekaa saa 8 bila kula (maji ruksa), 7.0 kwenda juu ni kiwango cha kisukari. Lakini kwa asiye na dalili, kipimo kimoja hakitoshi kumpa mtu ugonjwa wa maisha. Rudia siku nyingine, damu itolewe kwenye mshipa na kupimwa maabara. Na unawe mikono kwanza: maji ya embe kidoleni yanatosha kudanganya mashine.

Nina selimundu. HbA1c yangu (kile kipimo cha wastani wa sukari) imetoka nzuri. Niiamini?

Usiitegemee. Inasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu kwa miezi 2 hadi 3, na zako hufa mapema, hivyo jibu linaweza kutoka chini kuliko hali halisi. Omba kipimo cha kabla ya kula, au kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa 2, hapo 11.1 kwenda juu ni kisukari.

Sisimizi hawaji kwenye mkojo wangu. Niko salama?

Hapana. Kwa wengi, figo huanza kumwaga sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu ikishafika karibu 10. Unaweza kuwa na kisukari na sisimizi wasije.