Shangazi Anajibu: Mwanangu wa kambo ananitoa ngomeni

*"Shangazi, mume wangu, baroni wa hapa Lincolnshire, amefariki siku 12 zilizopita. Mwanangu wa kambo, ambaye ndiye mrithi, anataka nihame ngomeni. Amenipa mashamba mawili 'ya kuanzia'. Tena kuna bwana mmoja wa karibu na Hubert de Burgh, mkuu wa serikali ya mfalme, anayetamba kwamba mimi nimeshakuwa wake. Nifanyeje?" – Mjane, Uingereza, Machi 1225*

Pole kwa msiba, mama. Naanza na hayo mashamba mawili, maana mtego uko hapo.

Usiyapokee. Usikusanye kodi yake, usile hata yai la kuku wake. Mjane asiyepewa chochote katika fungu lake la ujane hupata hati ya mfalme inayosema hivyo hivyo, kwamba hana kitu, na kesi yake huenda moja kwa moja mbele ya majaji wa mfalme. Ukishapokea kipande, hati hiyo huna tena. Inabaki ile nyingine, inayoanzia kwenye baraza la mrithi mwenyewe, na huko shauri linaweza kukuzeesha.

Stahili yako ni theluthi ya ardhi ya mumeo, ila kama alikutajia pungufu siku ya ndoa, pale mlangoni mwa kanisa. Watafute sasa hivi waliosimama pale wakasikia. Kisha orodhesha kila shamba, kinu, malisho na msitu, kwa jina. Mrithi mjanja humpa mama wa kambo mashamba yenye kesi. Mtu akikudai shamba ulilokatiwa, mwite mrithi mahakamani akutetee. Akishindwa, ni juu yake kukufidia kwa ardhi nyingine ya thamani hiyo.

Kijana naye ana sababu ya kubana mkono. Anatakiwa kumlipa mfalme pauni 100 ili akabidhiwe baronia, yaani ardhi yote ya baroni, na theluthi yako haitarudi kwake mpaka ufe.

Kuhusu ngome, hapo ana hoja. Mjane hukaa siku 40 katika nyumba kuu ya mumewe, lakini Magna Carta, ule mkataba wa haki uliotolewa upya Februari hii, haihusishi nyumba ikiwa ni ngome. Hata hivyo, ukitoka ni lazima upewe papo hapo nyumba ya heshima, na matumizi yako yatoke kwenye mali ya pamoja hadi fungu likatwe. Zimebaki siku 28. Usifunge mizigo kabla hujaiona hiyo nyumba, na siku ya kutoka toka mchana kweupe, watu wakiona.

Sasa huyo bwana. Mjane halazimishwi kuolewa. Kwa kuwa ardhi yenu ni ya mfalme moja kwa moja, unachodaiwa ni dhamana kwamba hutaolewa bila ridhaa yake. Itoe mapema, wala usikubali karani akuuzie haki ya kutolazimishwa kuolewa. Mwaka 1212 Hawise wa Aumale alimwahidi Mfalme John, baba wa mfalme wa sasa, marki 5,000 (marki ni theluthi mbili za pauni) ili apate mali zake na aachwe bila mume mwingine. Enzi hizo Magna Carta haikuwepo.

Usikae naye faraghani. Maneno "nakuchukua uwe mume wangu" yanafunga ndoa hata jikoni, bila padri. "Nitakuchukua" ni ahadi tu, ila mkilala pamoja baada yake mmeshaoana. Akikushika kwa nguvu, lalamika kwa askofu siku hiyo hiyo. Mjane Margaret de Redvers aliolewa na Falkes de Bréauté, kamanda wa Mfalme John, wakati wa vita, akangoja mpaka mwaka jana, ngome yake ya Bedford ilipotekwa na mumewe akaanguka, ndipo akasema hakuridhia. Miaka 8 ya kimya ni mzigo mzito mbele ya kanisa.

Ukifika Westminster, zungumzia ardhi na dhamana, basi. Mfalme Henry ana miaka 17 na Hubert ndiye anayeendesha mambo. Wasifie wote, usimseme yeyote. Inasimuliwa kwamba Matilda de Briouze aliwatamkia wajumbe wa John kwamba John ndiye aliyemuua mtoto wa kaka yake. Mwaka 1210 alikufa njaa kifungoni, yeye na mwanawe.

Na muhuri wako mwenyewe uvae kiunoni, usilale ukiwa kwa karani.