Anzia kwenye ngoma: albamu zangu za hip hop, elektroniki na rock

Mdogo wangu wa Nguruka, umeuliza maswali mawili kwa mpigo. La kwanza, mtu aliyekulia kwenye hip hop tu aanzie albamu zipi akitaka kusikiliza rock na muziki wa elektroniki. La pili, sisi wa huku mikoani tunaosikiliza vitu hivyo tunasikia nini hasa zaidi ya makelele. Waliotangulia kukujibu wamekupa majina mengi bila kusema yaliwaingiaje. Mimi niko Tabora, nitakujibu kwa yaliyopita masikioni mwangu.

Zamani nilifanya kazi kwenye kibanda cha kuchoma CD karibu na stendi. Mteja anakuja na CD tupu, baadaye zikaingia memori kadi, anakutajia nyimbo zake, unampangia. Mwenye kibanda alitaka nyimbo zote zitolewe kwenye albamu zake zimwagwe kwenye folda moja, kompyuta izipange kwa alfabeti. Kibiashara alikuwa sahihi, mteja anapata wimbo wake haraka. Lakini mimi iliniuma. Wimbo ambao msanii ameuweka mwisho, umemgharimu albamu nzima kufika pale, unakuta umekaa katikati ya nyimbo za watu wengine kwa sababu tu unaanza na herufi M. Nikatengeneza folda yangu pembeni, humo kila albamu ikabaki nzima na kwa mpangilio wake. Folda hiyo ninayo mpaka leo.

Albamu ya kwanza kuingia humo ni Illmatic ya Nas, rapa wa Marekani, ya mwaka 1994. Ina vipande kumi tu na haifikishi dakika arobaini. Nas alikuwa na miaka ishirini ilipotoka. Watu husifia mistari yake, na kweli mistari ipo, ila kilichonishika mimi ni mwisho wa wimbo wa tatu, pale inapoingia tarumbeta. Inapulizwa polepole, kwa mbali, kama mtu aliyesimama barazani. Anayepuliza ni Olu Dara, baba yake Nas, mwanamuziki wa jazz.

Marehemu baba yangu alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa la Moravian. Hip hop hakuitaka nyumbani. Kwake ilikuwa ni watu kugombana juu ya ngoma. Jioni moja nilikuwa naisikiliza kwenye spika ndogo, yeye yuko mlangoni anafuta mdomo wa tarumbeta lake kwa kitambaa cheupe, kama kawaida yake kila Jumamosi. Kile kipande kikaingia. Mkono ukasimama. Akauliza, "Nani huyo anapuliza?" Nikamwambia, "Ni baba yake huyu kijana aliyekuwa anaimba." Hakunijibu. Aliingia, akaketi kitandani kwangu, akaniambia, "Rudisha." Tulirudisha mara tatu. Kuanzia siku hiyo hakuniambia tena nizime. Kwa hiyo mtu akiniuliza albamu bora ya hip hop, nitataja hiyo bila kufikiri mara mbili, na sitajifanya kwamba sababu zangu ni za kitaalamu.

Kwa upande wa nyumbani, Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, mwaka 2001, niliisikia kwenye kaseti. Kaseti ilikulazimisha kusikiliza kwa mpangilio. Kurudisha nyuma ilikuwa kazi ya kalamu na kidole. Ile albamu ilinifundisha kwamba mtu anaweza kuchana kwa Kiswahili safi, akachekesha, akakosoa wakubwa, na bibi yako jikoni akaelewa kila neno. Wapo watakaobishana na mimi kwamba kuna albamu za Kibongo zenye vina vikali zaidi. Vina vikali zaidi vipo. Albamu iliyokamilika zaidi ya ile, mimi sijaisikia.

Sasa niingie kwenye ulichouliza. Hip hop haikuzaliwa na vyombo vyake. Vijana wa Bronx, New York, walichukua santuri za wengine, wakatafuta pale waimbaji wanaponyamaza ikabaki ngoma peke yake, wakakirudia kipande hicho tena na tena. Baadaye zikaja mashine za kusampo, yaani kukata kipande cha wimbo wa zamani na kukijengea wimbo mpya. Maana yake biti unazozipenda zimejaa rock na elektroniki tangu mwanzo, ila hukuonyeshwa zilikotoka. Ndiyo maana nakwambia anzia kwenye ngoma. Usianze na sauti ya mwimbaji wala gitaa, vitakukimbiza. Fuata ngoma.

Na ngoma ya kuanza nayo iko kwenye albamu ya nne ya bendi ya rock Led Zeppelin, ya mwaka 1971. Nenda wimbo wa mwisho, wa nane. Mpiga ngoma ni John Bonham. Walirekodi kwenye nyumba kubwa ya zamani huko Uingereza, Headley Grange, ngoma ikawekwa chini ukumbini, maikrofoni zikaning'inizwa juu kwenye ngazi. Unasikia pigo, halafu unasikia nyumba ikijibu. Kama uliwahi kupiga makofi kwenye ukumbi wa shule wikiendi, hamna watu ndani, unaujua huo mwitikio. Kwenye hip hop, Beastie Boys waliichukua ngoma hiyo mwaka 1986, Dr. Dre akaichukua mwaka 1992. Nilipoisikia mara ya kwanza nilishtuka, kwa sababu nilishaitikisia kichwa miaka mingi bila kujua mwenyewe ni nani.

Hapo nikueleze jambo. Hedfoni zangu wakati ule zilikuwa zimekufa upande wa kushoto. Karibu mwaka mzima nilisikiliza kila kitu kwa sikio moja. Mwisho wa wimbo huo gitaa na kinanda cha mdomo vilikuwa vinapotea, vinarudi, vinapotea, nikaamini faili limeharibika. Siku niliyonunua hedfoni mpya ndipo nikajua kumbe sauti zinazunguka, zinahama kutoka sikio hili kwenda lile, na mwimbaji peke yake ndiye amesimama katikati hahami. Niliirudia usiku ule hadi betri ikaisha. Kwa hiyo kabla hujasema rock ni makelele, kagua kwanza unachosikilizia.

Wengi watakuambia uanze na bendi ya Queen kwa sababu mwimbaji wao, Freddie Mercury, ni mzaliwa wa Unguja, mwaka 1946. Ile sauti naipenda sana na najivunia, lakini kwa mtu wa hip hop sikushauri mlango huo. Utaona ni maigizo ya jukwaani utafunga. Rudi kwao baadaye, masikio yakishazoea.

Elektroniki ilinichukua muda mrefu zaidi, na iliniingia kwenye treni. Nilikuwa nakwenda Kigoma kwa mjomba, daraja la tatu, tumeondoka Tabora usiku. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, imejengwa na Wajerumani, na wewe unaijua vizuri kuliko mimi kwa sababu inapita hapo kwenu. Mbele yangu mama mmoja amelala ameegemea ndoo ya asali, watoto wamelala chini kati ya mizigo. Kwenye simu nilikuwa na Trans-Europe Express ya Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, albamu ya mwaka 1977. Nilishaijaribu nyumbani mara mbili nikaona ni kinanda cha mtoto. Tulipoachana na njia ya Mpanda pale Kaliua, treni ikaanza kukaza mwendo, nikaiwasha tena ili tu nisilale nikaibiwa begi.

Wimbo wenye jina la albamu unaanza, na mdundo wake ni magurudumu. Si kwamba unafanana na magurudumu, ndiyo yenyewe: ta-tam, ta-tam, bila haraka, hauongezi wala haupunguzi. Chini ya miguu yangu behewa linapita kwenye maungio ya reli nalo linasema hivyohivyo, mara linapishana kidogo na wimbo, mara vinakutana. Vikikutana mwili unasisimka. Halafu wimbo unaofuata unaingia bila kusimama, ni vyuma vinagongana, chuma juu ya chuma. Nilitoa hedfoni upande mmoja ili nisikie yote mawili. Pale ndipo nilipoelewa kwamba hawa watu hawakukosa hisia kama nilivyodhani. Walikuwa wameukubali mwendo wa mashine na kukaa ndani yake, kama abiria.

Tulipofika kwenu Nguruka kulikuwa kumepambazuka, wanauza chai na samaki madirishani, mimi bado niko kwenye albamu ileile kwa mara ya tatu.

Na hapo kuna undugu wa damu na hip hop. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force walitoa Planet Rock, na ile sauti ya kinanda inayopanda ni ya Trans-Europe Express, wameipiga upya juu ya mashine ya ngoma. Kwa hiyo ukiwa mtu wa hip hop ukasema elektroniki haikuhusu, unamkana mjomba wako.

Ukishaizoea hiyo, tafuta Endtroducing ya DJ Shadow, mwaka 1996. Imejengwa karibu yote kwa vipande vya santuri za watu, hakuna anayechana mwanzo hadi mwisho, na bado ni hip hop. Jaladani wapo watu wanapekua santuri dukani. Nilipoiona picha ile nilijiona mimi na folda zangu kibandani. Isikilize usiku, peke yako. Mchana haifanyi kazi.

Kule Kigoma mjomba wangu alikuwa mtu wa maboti ya mizigo, anapeleka na kuleta hadi Mpulungu, Zambia. Nilimwekea zile za Led Zeppelin akasema, "Mbona hii tuliisikia kwa Wazambia?" Nilidhani anachanganya. Baadaye nikagundua kweli, miaka ya 1970 Zambia, hasa miji ya migodi ya shaba, ilikuwa na rock yake, wenyewe wanaiita Zamrock. Bendi kubwa kuliko zote ni WITCH, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda alijulikana kama Jagari, jina la Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, lililopitia kinywa cha Mwafrika. Albamu yao Lazy Bones!!, ya mwaka 1975, ndiyo ninayoipenda kuliko rock yoyote ya Ulaya, nasema hivyo nikijua nitapingwa. Gitaa lina mkwaruzo kama redio iliyoko nje kidogo ya stesheni, lakini ngoma na besi vinacheza kama watu waliokulia kwenye ngoma za harusi. Besi ya pale mtu wa hip hop ataitambua mara moja. Bendi ilipotea miaka mingi, Jagari akawa mchimbaji wa vito, na mwaka 2023 walirudi na albamu, Zango. Ni jirani zetu wa ziwa moja, na bado vijana wengi wa Kigoma hawawajui. Hilo linanisikitisha kweli.

Kwa elektroniki ya nyumbani, usidharau singeli. Sounds of Sisso, mkusanyiko wa studio ya Mburahati, Dar es Salaam, uliotolewa na lebo ya Kampala mwaka 2017, una kasi inayopita midundo 200 kwa dakika, vipande vya taarabu vimekatwa na kukimbizwa hadi vinakuwa kitu kingine. Kama albamu ina kasoro, inachosha ukiisikiliza yote kwa mkao mmoja. Mimi hugawa mara mbili.

Mwisho kuna Radiohead, ambao mmoja wa waliotangulia kukujibu amesema lazima uanze na OK Computer ya 1997. Sikubaliani. Ni albamu nzuri, naiheshimu, lakini kwako wewe chukua Kid A ya mwaka 2000. Walikuwa bendi ya magitaa wakayaweka pembeni. Kwenye wimbo wa nane wamesampo kipande cha muziki wa kompyuta wa Paul Lansky, wa mwaka 1973, wakakiwekea ngoma ya mashine chini yake. Yaani bendi ya rock imefanya kazi ya prodyuza wa hip hop, kwa malighafi ya elektroniki. Niliposikia hivyo nikaacha kabisa kugawa folda yangu kwa aina za muziki.

Bando likiwa dogo, pakua albamu moja tu wiki hii, ile ya nne ya Led Zeppelin, na usiruke nyimbo. Ukifika wimbo wa nane, hakikisha hedfoni zote mbili ni nzima, halafu urudi hapa uniambie ngoma imekuingiaje.