Chumvi ya nywila haikuwekwa ili ifichwe

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Natengeneza mfumo wa watumiaji kwa Python. Mwanzoni nilikuwa naunganisha nywila na chumvi moja (data ya ziada inayochanganywa na nywila) niliyoificha kwenye faili la mipangilio, kisha napitisha yote kwenye SHA-256, algoriti ya kuhashi, yaani ya kugeuza nywila kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika. Sasa nimehamia maktaba ya bcrypt na nimekwama. Nikihashi nywila ileile mara mbili napata majibu mawili tofauti, kwa hiyo mtumiaji akirudi siwezi kumlinganisha na kilichomo kwenye hifadhidata. Tena nimesoma kwamba chumvi yenyewe imo ndani ya hashi, yaani mwizi wa hifadhidata anaiona waziwazi. Nafikiria kuipa maktaba chumvi yangu moja ya kudumu na kuificha, nimalize matatizo yote mawili. Je, ni salama?

JIBU: Si salama, usifanye. Utakuwa umeiondolea bcrypt faida mojawapo kubwa iliyokufanya uihamie.

La kwanza ni jepesi. Majibu kutofautiana ndiyo dalili kwamba maktaba inafanya kazi, kwa sababu gensalt hutoa chumvi mpya ya nasibu kila inapoitwa. Mtumiaji akirudi, usihashi upya na kulinganisha kwa mkono. Ita checkpw, uipe nywila aliyoiandika pamoja na hashi uliyoihifadhi, zote zikiwa baiti. Hashi ya bcrypt ina herufi 60: mwanzoni ni toleo na gharama (kiwango cha kazi ya kuhashi), kwa mfano $2b$12$, zinafuata herufi 22 za chumvi, na 31 za mwisho ndizo hashi. Maktaba husoma hayo yote, hurudia hesabu kwa chumvi ileile, hukujibu ndiyo au la. Huhitaji safu nyingine ya chumvi.

Hili la pili ndilo linalonichosha, maana nakutana nalo karibu katika kila mradi ninaoombwa kuukagua: imani kwamba chumvi ni siri. Haijawahi kuwa siri. Robert Morris na Ken Thompson walipoieleza katika makala yao ya mwaka 1979 kuhusu nywila za mfumo endeshi wa Unix, chumvi ilikuwa na biti 12 tu, na ilikaa wazi mwanzoni mwa hashi, ndani ya faili ambalo kila mtumiaji wa mashine aliweza kulisoma. Kazi yake ni kuhakikisha watu wawili wenye nywila moja hawapati hashi moja, na kumlazimisha mwizi amshambulie kila mtumiaji peke yake.

Piga hesabu uone. Mwizi ana hifadhidata yenye watumiaji 100,000 na orodha ya nywila 1,000,000 zinazopendwa na watu. Kwa chumvi yako moja ya kudumu, anahashi orodha yake mara moja, makisio milioni moja, kisha anatafuta yanayofanana kwenye safu nzima. Watumiaji wote wamepimwa kwa kazi ya mtu mmoja. Kila mtumiaji akiwa na chumvi yake, kazi hiyohiyo inakuwa makisio bilioni 100. Na usitegemee faili la mipangilio likufichie kitu, kwa sababu aliyeingia kwenye seva akachukua hifadhidata mara nyingi huondoka na faili hilo pia.

Lakini hata hizo bilioni 100 si ngao ukibaki na SHA-256. Kadi moja ya michoro ya kisasa hufanya mabilioni ya SHA-256 kwa sekunde, kwa hiyo kazi yote ingeisha kabla hujamaliza kusoma jibu hili. SHA-256 ilitengenezwa iwe ya haraka, na kwa nywila haraka ni kasoro. Niels Provos na David Mazières walipoitoa bcrypt mwaka 1999 waliipa gharama inayopandishwa kadiri mashine zinavyoongezeka nguvu: kila ukiongeza moja, kazi inakuwa maradufu. Kwa gharama 12, kadi ileile hushuka hadi makisio maelfu machache kwa sekunde, na kazi ya sekunde inageuka kuwa ya miezi au miaka. Chumvi inazuia kazi moja isitumike kwa wote, gharama inafanya kila kisio liwe ghali. Unazihitaji zote mbili.

Naomba mniwie radhi kwa ukali, ila kuna watu wanafundisha upuuzi kwenye mitandao na vijana wanaunakili. Mmoja anapitisha nywila kwenye MD5, kisha SHA-1, kisha MD5 tena, algoriti za zamani za haraka, anauita ulinzi wa tabaka tatu. Mwingine anatumia jina la mtumiaji kama chumvi. Mwingine anasimba nywila kwa ufunguo ili aweze kuzirudisha mtu akisahau, na hapo aliyepata ufunguo amepata zote kwa pamoja. LinkedIn walikuwa na SHA-1 isiyo na chumvi kabisa, na mwaka 2012 hashi milioni 6.5 zikamwagwa hadharani. Watengenezaji wa lugha ya PHP walichoshwa na chumvi za kubuni: tangu toleo la 7.0 waliwaonya watu wasiipe password_hash, amri yake ya kuhashi nywila, chumvi yao, na katika 8.0 ukiipa inaipuuza. Mtu anayekuambia uijaze chumvi mwenyewe anakurudisha nyuma ya hapo.

Ukitaka kitu cha siri kweli, kipo. Ni ufunguo wa seva, unaotumiwa kwa HMAC (njia ya kuhashi kwa ufunguo wa siri) na kukaa nje ya hifadhidata kabisa. Huo ni nyongeza juu ya chumvi, hauchukui nafasi yake. Na kama mradi ungekuwa unaanza leo ningekuelekeza kwenye Argon2id, ya familia ya Argon2 iliyoshinda shindano la algoriti za nywila mwaka 2015, kwa sababu inamlazimisha mwizi atumie kumbukumbu (RAM) nyingi pia. Bcrypt bado inafaa, ila kumbuka inasoma baiti 72 za kwanza tu za nywila.

Kuhusu hashi zako za zamani, usisubiri kila mtu aingie tena. Chukua kila hashi ya SHA-256 ikiwa imeandikwa kwa herufi zake 64, ipitishe kwenye bcrypt leo, uweke alama kwenye rekodi ya mtumiaji huyo. Mtumiaji akiingia, hashi nywila yake kwa njia ya zamani kwanza, kisha uipe checkpw hashi hiyo. Ikikubali, ndipo uhifadhi bcrypt ya nywila yenyewe na kuondoa alama.

Kisha futa hashi za zamani kila zilipo: kwenye jedwali, kwenye nakala rudufu, kwenye kumbukumbu za matukio (log) za seva. Ashley Madison, tovuti ya kutafuta wapenzi, walikuwa na bcrypt ya gharama 12, nzuri tu, ila mahali pengine kwenye mfumo waliacha thamani za MD5 zilizotokana na nywila zilezile. Data ilipovuja mwaka 2015, waliozivunja hawakuhangaika na bcrypt. Walianza na MD5, wakapata nywila zaidi ya milioni 11.